Mkato na Kipande: Historia ya Vitenganishi vya Matini za Kiswahili kutoka Hati za Mkono hadi XSLT

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya alama zinazotenga sehemu za matini ya Kiswahili, yaani mkato, nukta mkato, mkwaju na nafasi, tangu hati za mkono za mwambao hadi matini zilizowekewa lebo za XML na kugeuzwa kwa XSLT. Hoja yake ni kwamba ugumu wa kukata thamani zilizounganishwa kwa vitenganishi haukuletwa na kompyuta. Ulikuwamo katika kazi za wanakili, wahariri wa mashairi na watunga kamusi, ambao walimtegemea msomaji mwenye ujuzi wa kutambua alama moja inafanya kazi gani mahali gani. Mashine ilipochukua nafasi ya msomaji huyo, ujuzi wake ulilazimika kuandikwa waziwazi. Mifano inatokana na anwani za Njombe, kamusi za Kiswahili na ushairi wa kimapokeo.

Utangulizi

Lyamkena ni kata katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni yake. Mtafiti wa Kibena au wa Kiswahili cha nyanda za juu kusini aliyerekodi masimulizi huko mwaka 2005 angeandika katika kisanduku cha mahali: "Lyamkena, Makambako, Njombe, Iringa". Mwenzake aliyefika mwaka 2015 angeandika: "Lyamkena, Makambako, Njombe". Tofauti inatokana na uamuzi wa kiserikali wa mwaka 2012, Njombe ilipotengwa na Iringa ikawa mkoa. Msomaji wa Tanzania huielewa mifuatano yote miwili bila kusita. Anajua kwamba Njombe ya kwanza ni wilaya na Njombe ya pili ni mkoa, na kwamba watu wa Lyamkena hawakuhama.

Programu haijui lolote kati ya hayo. Ikiambiwa kwamba kipande cha mwisho baada ya mkato ni mkoa, itaziweka rekodi hizo mbili katika mikoa miwili. Ikiambiwa kwamba kipande cha tatu ni wilaya, itaipa rekodi ya 2015 wilaya iliyotokana na jina la mkoa. Kila kipande kimekatwa sawasawa, lakini jibu si sahihi. Hili si jambo la kupuuzwa na wanaisimu, kwa kuwa Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitangulia mabadiliko hayo ya mipaka kwa miaka mitatu. Data yoyote ya Kibena iliyopangwa kwa mikoa ya wakati ule inaisoma Njombe ndani ya Iringa. Anayetaka kuilinganisha na data ya leo hana budi kujua vipande vile vilikuwa na maana gani siku vilipoandikwa.

Majina yenyewe hayana nguvu sawa. Lyamkena ni jina adimu, hata likikatwa na kuachwa peke yake bado linaelekeza mahali pamoja. Majengo, kata nyingine ya Makambako, halina bahati hiyo, kwani miji mingi ya Tanzania ina Majengo yake. Mkato uliokuwa baada ya Majengo ulikuwa ukitenga, na papo hapo ukifunga: ulimwambia msomaji kwamba jina hili lisomwe chini ya lile linalofuata. Kitenganishi, kwa hiyo, hubeba uhusiano, na ukikifuta baada ya kukata, uhusiano huo hupotea usipohifadhiwa kwa njia nyingine.

Alama kabla ya mashine

Kiswahili kina bahati ya kuwa na istilahi zinazofaa sana katika mjadala huu, ingawa hazikubuniwa kwa ajili yake. "Mkato" ni jina la alama ya uakifishaji, na katika masimulizi ya ushairi ni mahali mshororo unapokatika. "Kipande" ni sehemu ya mshororo, na ndilo neno linalokuja lenyewe mdomoni mtu anapotaka kutaja matokeo ya kukata mfuatano wa herufi. Ukwapi na utao, mwandamo na ukingo ni majina ya vipande kwa kufuata nafasi yake. Wanaushairi wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba kipande hupata jina kutokana na mahali kilipo, jambo ambalo mwandishi wa programu hulitamka kwa nambari.

Katika hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mkato kama tunavyoujua leo haukuwa na kazi. Ubeti wa vipande vinne ungeweza kuandikwa kwa mstari mmoja mrefu au kwa mistari miwili, na kati ya kipande na kipande mnakili aliweka kialama, kundi la nukta au pengo tu. Aliyekuwa akisoma kwa sauti mbele ya hadhira hakuhitaji zaidi. Kina kilikuwa kitenganishi cha pili: vipande vitatu vya kwanza vya ubeti wa utenzi hushirikiana kina, na cha nne huleta kina kinachopita katika utenzi wote. Mnakili akisahau kialama, kina kilimrudisha msomaji njiani. Mizani ilikuwa kitenganishi cha tatu. Mfumo ulikuwa na akiba ya kutosha ya kujirekebisha, nao uliwafaa watu walioujua kwa masikio kabla ya kuujua kwa macho.

Nafasi kati ya maneno ilikuwa suala jingine. Mwandiko wa Kiarabu huunganisha herufi kwa kanuni zake na huachanisha nyingine hata ndani ya neno moja, hivyo pengo kwenye karatasi halikuwa dalili ya kuaminika ya mpaka wa neno. Hati zilipohamishiwa katika herufi za Kilatini katika karne ya 19 na ya 20, wahariri walilazimika kuamua mambo mawili kwa pamoja: neno linaishia wapi, na kipande kinaishia wapi. Wengine walikiweka kila kipande katika mstari wake, wengine walitia mkato katikati ya mshororo. Uamuzi huo mara nyingi haukuelezwa katika dibaji, kana kwamba ulikuwa wa mpiga chapa. Leo anayeziweka matini hizo katika XML anarithi uamuzi ambao hajui aliyeufanya wala sababu yake.

J.W.T. Allen alipoiorodhesha mikusanyo ya hati za Kiswahili na Kiarabu za maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika katalogi iliyochapwa mwaka 1970, aliwapa watafiti ufunguo wa kuzifikia hati zenyewe. Ufunguo huo una thamani maradufu sasa, kwa sababu kialama cha mnakili ni ushahidi, na mkato wa mhariri ni tafsiri ya ushahidi huo.

Kamusi: alama moja, kazi nyingi

Ushairi ulikuwa na kina na mizani za kumwokoa msomaji. Kamusi haikuwa na akiba ya namna hiyo. Ilitegemea alama ndogo zilizobanwa kwa ajili ya kuokoa karatasi. Edward Steere mwaka 1870, Ludwig Krapf katika kamusi yake kubwa ya 1882, A.C. Madan mwaka 1894 na 1903, na hatimaye kamusi ya Kiswahili-Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson na Kamati ya Lugha ya Maeneo ya Afrika Mashariki, wote walikabiliana na swali lile lile: ni vipi kitomeo kimoja kitabeba umbo la wingi, minyambuliko, asili ya neno na maana kadhaa ndani ya mistari michache.

Katika kamusi za lugha mbili, mkato kwa kawaida uliunganisha visawe vinavyokaribiana, na nukta mkato ikatenga maana zilizo mbali zaidi. Chukua mfano wa kubuni wa kitenzi "kaa": "keti, kaa kitako; ishi, fanya makazi; dumu". Hapa pana ngazi mbili. Anayekata kwa alama zote mbili kwa mkupuo mmoja atapata vipande vitano vilivyo sawa, na maana tatu za kitenzi zitakuwa zimeyeyuka. Anayetaka kuzihifadhi sharti akate kwanza kwa nukta mkato, halafu kila kipande akikate tena kwa mkato. Mpangilio wa kukata, ukubwa kabla ya udogo, ndio unaolinda muundo wa kitomeo.

Mambo yalibadilika kamusi zilipoanza kueleza Kiswahili kwa Kiswahili. Johnson alikuwa ametoa kamusi ya namna hiyo mwaka 1935, lakini hatua iliyoacha alama kubwa zaidi ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1981. Fasili si orodha ya visawe. Ikiwa mnyama ataelezwa kuwa "mnyama afugwaye, mwenye pembe, atoaye maziwa", mikato hiyo miwili inaunganisha sifa za fasili moja. Alama iliyokuwa ikigawa sasa inajenga. Ni mageuzi makubwa katika historia ya leksikografia ya Kiswahili, na hayakutangazwa na mtu, kwa kuwa hakuna msomaji aliyeyahitaji kutangaziwa. Yalionekana tu pale ambapo laha mtindo, yaani faili la maelekezo ya kugeuza matini, lililoandikwa kwa ajili ya kamusi ya lugha mbili lilipoelekezwa kwenye kamusi ya lugha moja: "mwenye pembe" ikatokea kama kisawe cha ng'ombe. Kosa la aina hii haliisimamishi programu, nalo hugunduliwa na mtu anayesoma matokeo kwa makini, akipatikana.

Mabano ya mraba yalikuwa na tabia nzuri zaidi. Kamusi za TUKI zilizoea kuonyesha upatanisho wa kisarufi kwa mtindo wa [a-/wa-], [ki-/vi-] na [i-/zi-], ambapo mkwaju hutenga umoja na wingi. Nomino zisizo na wingi zilipewa kipande kimoja tu, kama vile [u-]. Vivyo hivyo, minyambuliko ya kitenzi iliorodheshwa kwa vifupisho vya tde, tdk, tdn, tds na tdw, kwa kutendea, kutendeka, kutendana, kutendesha na kutendwa. Ni mfumo wa mpangilio mkubwa kuliko ule wa vifupisho vya Kiingereza uliotangulia, na unastahili sifa kwa kuwa ulifanywa kabla mtu yeyote hajadai kwamba usomwe na mashine. Lakini hata hapa kipande kimoja cha [u-] kilikuwa mtego uliosubiri wakati wake.

Kutoka kadi hadi lebo

Matini za Kiswahili ziliingia kwenye kompyuta kwa njia zaidi ya moja. Mjini Helsinki, Arvi Hurskainen alianza katikati ya miaka ya 1980 kazi iliyozaa mfumo wa uchanganuzi wa SALAMA, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya mbinu ya kuchanganua mofolojia ya Kibantu kwa kutumia Kiswahili kama mfano. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki ya mwaka 2004 ilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5. Katika Chuo Kikuu cha Yale, kuanzia mwaka 1994, mradi wa Kamusi ulioanzishwa na Martin Benjamin uliwaruhusu watumiaji wa intaneti kuchangia vitomeo. Miradi hii ilikuwa na malengo tofauti, lakini yote ilikutana na jambo moja: nafasi si mpaka wa kuaminika wa neno. "Kwa sababu" huandikwa maneno mawili katika Kiswahili Sanifu na neno moja katika uandishi wa watu wengi. Majina kama Dar es Salaam yana nafasi mbili ndani yake na bado ni jina moja.

Upande wa viwango, wanazuoni waliokutana katika Chuo cha Vassar, Poughkeepsie, mwaka 1987, walianzisha juhudi iliyokuja kujulikana kwa kifupi TEI, yenye lengo la kutoa mwongozo wa pamoja wa kuweka lebo kwenye matini za kifasihi na kiisimu. Mwongozo huo ulianza kwa kutumia SGML. XML ilipopitishwa kuwa pendekezo rasmi mwezi Februari 1998, TEI ilihamia huko, na toleo lake la P5 lilitoka mwaka 2007. Mwongozo una elementi za vitomeo vya kamusi, na kwa ushairi una elementi za ubeti, mshororo na hata elementi tupu ya kuonyesha mkato wa mshororo.

XML imejengwa juu ya imani kwamba kila kitu chenye maana kipewe lebo yake. Lakini hata yenyewe iliacha mlango wazi. Ilirithi kutoka SGML aina za sifa ambazo thamani yake ni orodha iliyotengwa kwa nafasi, na TEI huzitumia sana kwa viungo vya rejeo. Hivyo faili linaweza kuwa safi kwa kila kanuni ya XML, na bado likawa na orodha iliyojificha ndani ya thamani moja. Watu waliokuwa wakihamisha kamusi na katalogi za zamani walifanya hivyo hivyo kwa wingi zaidi: walikiwekea kitomeo lebo, wakayaacha mabano, mikwaju na mikato ndani kama yalivyokuwa kwenye karatasi. Kulaumu ni rahisi. Kuweka lebo kwa kila kisawe ni kazi ya miezi, na mara nyingi fedha za mradi huisha kabla ya herufi M.

XSLT na mkwaju uliopotea

Lugha ya XSLT, iliyokusudiwa kugeuza hati ya XML kuwa hati nyingine, ilipitishwa katika toleo la 1.0 mwezi Novemba 1999, James Clark akiwa mhariri wake. Ilikuwa na nguvu katika kushughulikia mti wa elementi, na udhaifu katika kushughulikia herufi zilizomo ndani ya tawi. Lugha ya XPath 1.0 iliyoambatana nayo ilitambua aina nne tu za thamani: fungu la vifundo, mfuatano wa herufi, nambari, na kweli-au-si-kweli. Orodha ya mifuatano ya herufi haikuwamo. Kwa maneno mengine, hata programu ikikata vipande, haikuwa na mahali pa kuviweka isipokuwa kuviandika moja kwa moja kwenye matokeo.

Zana zilizokuwapo ni funksheni mbili, substring-before na substring-after, zinazotoa kilichoko kabla na baada ya alama fulani. Kukata orodha yenye vipande vingi kulihitaji kiolezo kinachojiita chenyewe: chukua kilichoko kabla ya alama, kiandike, kisha ujiite tena kwa kilichobaki, hadi alama ziishe. Mantiki hii inafanana na jinsi mtoto wa madrasa anavyojifunza kusoma mstari, kipande baada ya kipande, na ina uzuri wake. Ina pia mtego. Funksheni ya substring-before isipoiona alama hurudisha kitu kitupu. Kwa hiyo [ki-/vi-] hutoa "ki-" kama inavyotakiwa, lakini [u-], isiyo na mkwaju, haitoi kitu. Nomino za umoja pekee, zikiwemo dhahania zote za aina ya uhuru na uzee, hubaki bila upatanisho wowote. Dawa ilijulikana mapema, nayo ni ama kuuliza kwanza kama alama ipo, ama kubandika mkwaju wa ziada mwishoni kabla ya kuanza kukata. Asiyeijua dawa hiyo angeweza kuchapisha jedwali la ngeli za Kiswahili ambamo ngeli moja haionekani, na jedwali likaonekana nadhifu.

Kwa miaka saba watumiaji walipitia njia za kando. Mradi wa EXSLT ulitoa funksheni za ziada, zikiwemo za kukata mifuatano, lakini zilifanya kazi tu katika vichakataji vilivyozikubali. Toleo la 2.0, lililohaririwa na Michael Kay na kupitishwa Januari 2007, ndilo lililoleta msamiati mpya: orodha zenye mpangilio, na funksheni ya tokenize inayokata kwa kutumia ruwaza. Kiolezo cha mistari kumi na tano kikawa mstari mmoja. Ukikata "u-" kwa mkwaju, unapata orodha ya kipande kimoja, "u-", na ngeli iliyopotea inarudi.

Ruwaza nazo zilikuja na adabu yake. Baadhi ya wanaleksikografia huweka nukta kati ya mzizi na kiishio cha kitenzi, kama katika "pig.a". Nukta katika ruwaza humaanisha herufi yoyote ile. Anayeiambia tokenize ikate "pig.a" kwenye nukta, bila kuitanguliza kwa mkwaju wa nyuma, atakuwa ameifanya kila herufi ya neno kuwa kitenganishi, na atapokea vipande sita, vyote vitupu. Nafasi baada ya mkato nayo husafiri pamoja na kipande kinachofuata, kiasi kwamba "Makambako" na " Makambako" huhesabiwa kuwa miji miwili katika faharasa. Na toleo la 3.0 la mwaka 2017, pamoja na XPath 3.1, liliruhusu kukata kwa nafasi bila kutaja alama yoyote. Ni urahisi unaofaa kwa orodha za viungo, na usiofaa hata kidogo kwa safu ya miji ambamo Dar es Salaam huwa mitatu.

Njombe inatoa mfano mwingine usiokumbukwa mara nyingi. Wilaya ya Wanging'ombe ina ritifaa katikati ya jina lake, na ritifaa hiyo ndiyo alama ambayo XPath huitumia kufungua na kufunga maneno yaliyonukuliwa. Katika XPath 1.0 hapakuwa na njia ya kuihepa ndani ya nukuu ya aina hiyo. Ilibidi kutumia alama nyingine ya kufungia, au kulihifadhi jina hilo pembeni. Sauti ya ng', ambayo maandishi ya Kiswahili Sanifu yameiwakilisha kwa ritifaa tangu zamani, inakuwa mwisho wa sentensi kwa mashine. Wachapaji wanaozigeuza ritifaa zilizonyooka kuwa zilizopinda huliepuka kosa hilo bila kukusudia na kuzusha jingine, kwani sasa Wanging'ombe mbili zenye ritifaa mbili tofauti hazilingani, na utafutaji wa moja haumpati mwenzake.

Mizani kama mhakiki

Mahali ambapo historia hii inarudi nyumbani ni kwenye shairi. Mwandishi anayetaka kuziweka diwani za karne ya 20 katika TEI hukuta mshororo uliochapwa kwa mstari mmoja, ukiwa na mkato kati ya ukwapi na utao. Kishawishi cha kukata kwa mkato ni kikubwa, na katika mishororo mingi kinafaa. Chukua mshororo huu uliotungwa kwa ajili ya makala hii: "Nilikwenda Makambako, kuiona reli yake". Mkato ni mmoja, vipande ni viwili, kila kimoja kina mizani minane. Tazama sasa huu: "Baba, mama, na wazee, wote nawapa salamu". Mikato ni mitatu, na tokenize itatoa vipande vinne. Mkato wa tatu tu ndio wa ushairi. Ule wa kwanza na wa pili ni wa kisarufi, wa kuorodhesha watu. Mpiga chapa ana alama moja tu, nayo inafanya kazi mbili ndani ya mshororo mmoja.

Hapa mapokeo ya ushairi yanatoa msaada ambao kamusi haikuwa nao. Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, aliweka wazi kwa wasomaji wa kisasa kanuni za vina na mizani ambazo watunzi walikuwa wakizifuata. Ikiwa shairi lina mizani kumi na sita, minane kwa minane, laha mtindo linaweza kuagizwa likate kwenye kila mkato, kisha livikusanye vipande tena kwa kuvihesabu: "Baba" mbili, "mama" mbili, "na wazee" nne. Jumla ni nane, basi ukwapi umefungwa hapo. Kinachobaki, "wote nawapa salamu", kina mizani minane, na hesabu imekubali. Kina cha kati kikilingana na cha mishororo mingine, uhakika huongezeka. Akiba ile ile iliyomwongoza msomaji wa hati, wakati kialama kilipokosekana, inaweza kumwongoza mtu anayeandika XSLT wakati alama zimezidi.

Mashairi huru, yaliyokataa mizani na vina katika mjadala mkali wa miaka ya 1970, hayatoi msaada huo. Huko mkato ni wa mshairi mwenyewe, na mstari unaishia pale alipotaka uishie. Hakuna hesabu ya kuuthibitisha, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuukata.

Hesabu ya mizani yenyewe inadai maarifa. Kuhesabu irabu kunakaribia jibu bila kulifikia, kwa sababu nazali huweza kuwa silabi: "mtu" ni mizani miwili na ina irabu moja. Kanuni inaweza kuongezwa kwamba m mbele ya konsonanti isiyo b ihesabiwe, na itafaulu kwa "mtoto", "mkate" na "mlima". Lakini m mbele ya b ina tabia mbili. "Mbuzi" ni mbu-zi, mizani miwili, na "mbunge" ni m-bu-nge, mitatu, kwa kuwa m ya pili ni kiambishi cha ngeli kilichokutana na mzizi unaoanza na b. Mwandiko hauweki kitenganishi chochote kati ya kiambishi na mzizi, na hauna sababu ya kukiweka kwa msomaji anayeijua lugha.

Ugumu unafikia kilele katika "mbuni". Akiwa ndege, ni mbu-ni, mizani miwili. Akiwa mtu anayebuni, au ukiwa mti wa buni, ni m-bu-ni, mitatu. Katika ukwapi wa "Nilimwona yule mbuni", hesabu inatimia nane iwapo ni ndege aliyeonekana, na inazidi kwa moja iwapo ni mtu. Mhariri anayeamini kwamba mshairi hakuvunja mizani atasema ni ndege. Mhariri anayeona kuwa shairi linamsifu fundi atasema ni mtu, na kwamba mshairi aliimeza m ile katika kuimba, kama waimbaji wafanyavyo. Kila mmoja atakuwa ameitumia hesabu kuthibitisha maana, au maana kuthibitisha hesabu, na katika faili la XML watalazimika kuandika, kwa sifa yenye jina na thamani, ni ipi kati ya hizo mbili waliyoichagua na nani aliyeichagua.